Jina la Baba Lililokwenda Shianda

Duka la jirani yangu hapa Lurambi halina kitu kigeni, lakini wiki iliyopita alifungua katoni ya sabuni za mche mbele yangu, zile za manjano, na harufu yake ikanipata nimesimama na paketi yangu ya maziwa mkononi. Sikulia. Mimi si mtu wa kulia dukani. Nilimwambia anikatie kipande, ingawa nyumbani nafulia sabuni ya unga, nikakibeba nikakiweka dirishani jikoni, na hadi leo kipo pale hakijafua hata kitambaa. Baba yangu alinuka hivyo. Watoto wengine baba zao walinuka tumbaku, au ng'ombe, au pombe ya jana. Wangu alinuka sabuni mpya, na chini ya sabuni matope ya uwanjani.

Alikuwa muuzaji wa sabuni na mafuta ya kupikia. Si kwamba alikuwa na duka. Alikuwa yule mtu wa kampuni anayekuja na gari lililochorwa ubavuni, anazunguka kwa wenye maduka, anauliza kimeisha nini. Siku ya soko alikuwa Lubao, siku nyingine alishika barabara ya Mumias akaingia kwenye vituo vya miwa, na Shianda ndiko alikokuwa na wateja wengi. Jina lake lilikuwa Mukoya. Huko kote walimwita Mukoya wa Sabuni, hata watoto wadogo wasio na adabu, na yeye aliitika bila kuudhika.

Kitu cha pili alichokipenda duniani, baada yetu sisi, kilikuwa michezo. Mama alikuwa akibisha juu ya mpangilio huo. "Huyu mtu ameoa mpira," alisema, "mimi ni wa pili, na nyinyi mmekuja juzi." Alipenda kandanda kwanza, halafu voliboli, halafu riadha za shule, halafu chochote chenye mshindi na mshinde. Mafahali wakipigana asubuhi kule Isukha, yeye alikuwa ameshafika kabla umande haujakauka, kisha akaenda kazini na ngoma za isukuti bado masikioni. Siku moja alisimamisha gari tukiwa na nguo za kanisani, akashuka kuwashauri wavulana waliokuwa wakishindana kusukuma ringi za baiskeli. Aliwaambia wanaanza vibaya. Tulichelewa ibada kwa sababu ya ringi.

Lakini sikufichi, mpira ndio uliomwuzia sabuni. Hakuanza na sabuni hata mara moja. Aliingia dukani, akaegemea kaunta, akauliza, "Jana mlifungwaje?" Mwenye duka angeanza kueleza jinsi refa alivyowaibia, na baba angesikiliza, angetikisa kichwa, angeuliza nani alikuwa golini. Alimwambia mama kwamba mtu akishakulilia juu ya mpira, hawezi tena kukwambia leo hatuchukui kitu. Na refa mwenyewe mara nyingi alikuwa yeye. Katika gari lake, kati ya katoni, kulikuwa na mfuko wenye viatu vya njumu, soksi na firimbi. Jumapili mchana, wakata miwa wa Shianda wakicheza na vijana wa madukani, aliyesimama katikati alikuwa Mukoya wa Sabuni.

Sasa sikiliza alivyofanya. Kwetu mvua hainyeshi kwa kubahatisha, mchana ukifika inakuja, na uwanja wa shule pale Shianda ulikuwa udongo mwekundu. Mechi ikiisha, jezi hazikuwa na rangi tena, ungedhani timu zote mbili ni moja. Baba alikusanya jezi zile, akaomba beseni na maji, akakunja mikono ya shati, akaanza kufua pale pale mbele ya kina mama waliokuja kutazama. Mwanaume mzima, refa, anafua. Walicheka mpaka wakaketi. Yeye alisugua huku akiwahadithia makosa ya mechi, na ilipofika kusuuza, jezi ilitoka nyeupe, na kicheko kilikuwa kimekwisha. Jumatatu wenye maduka waliulizwa sabuni ile ile. Hakuna mtu aliyemfundisha. Nadhani hata kampuni yake haikujua.

Nyumbani alikuwa mtu wa kawaida, na hilo nalisema kwa kumsifu. Alituogesha bombani mimi na kaka yangu mdogo, akatusugua visigino kama jezi. Alisahau unga mechi ikiwa redioni. Alipogombana na mama alitoka kwenda kuosha gari, na gari lilipokuwa safi ugomvi ulikuwa umepoa. Hakutupiga. Tukikosea alituonyesha kidole na kusema, "Hiyo ni faulo," na tulijua inayofuata ni kadi, yaani kulala bila kusikiliza hadithi zake.

Hapo sina budi kueleza habari ya majina, maana ndiyo iliyonitia wazimu mwaka ule.

Mimi naitwa Khasandi, na jina hilo si langu. Ni la kukhu, yaani nyanya, mama yake baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Nilisimuliwa mara nyingi mpaka nikaona kama nakumbuka mwenyewe. Nilizaliwa nikalia, nikakataa ziwa, wakanitajia majina ya watu wao waliotangulia, huyu nikalia, yule nikalia, mpaka senge, dada yake baba, akataja Khasandi. Nikanyamaza nikanyonya. Basi ikajulikana nani amekuja. Tangu hapo baba hakuniita Khasandi. Aliniita Mama. Asubuhi alipita kitandani kwangu, "Mama, umeamkaje?" na nikisema sitaki uji, aliinua mikono, "Mama amekataa, mimi nitafanyaje?" Mama mzazi alijibu kwamba huyo mama yake atakufa njaa, na akaniletea uji.

Kwa hiyo nilijua sheria ya majina kuliko nilivyojua hesabu. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu aliyeondoka. Mwenye jina akiwa bado anakula na kutembea, jina ni lake, limekaa naye. Kichwani mwangu jina lilikuwa kama kiti. Hakikaliwi na watu wawili, lazima mmoja asimame kwanza.

Pale Shianda baba alikuwa na mteja aliyeitwa Baba Awino, mwenye duka karibu na uwanja. Yeye na mkewe walikuwa watu wa upande wa Kisumu, wamehamia miaka mingi, Kiluhya wanakisema vizuri kuliko mimi. Jumapili moja, mechi ikiendelea, Mama Awino alikuwa kando ya uwanja na sufuria yake ya mahindi ya kuchemsha, mjamzito, siku zake bado, kwa walivyofikiri. Uchungu ukamshika pale pale. Mume alikuwa amesafiri. Barabara ilikuwa tope na gari lilikuwa moja, la sabuni.

Baba alipuliza firimbi akamaliza mechi. Hilo ndilo jambo ambalo wakata miwa hawakumsamehe, maana timu zilikuwa sare na mshambuliaji wao alikuwa amebaki yeye na kipa peke yao. Baba alisema baadaye kwamba aliona mambo mawili kwa wakati mmoja, yule kijana anakwenda kufunga na yule mama anakwenda chini, akachagua. Wachezaji wa timu zote mbili walishusha katoni wakaziacha kwenye nyasi, wakamwinua Mama Awino wakamlaza nyuma, na baba akaendesha mpaka hospitali. Walifika. Mtoto alizaliwa wa kiume, mzima. Baba alirudi nyumbani usiku ule na furaha ambayo hata ligi haikuwahi kumpa.

Wiki zikapita. Ijumaa jioni tulikuwa mezani, na senge alikuwa amekuja kututembelea. Baba alikuwa akila kwa haraka kama kawaida yake, kisha akakumbuka.

"Mnajua yule mtoto wa Baba Awino wamemwita nani?" Akajigonga kifuani. "Mukoya. Wamempa langu. Jumapili tunamaliza ile mechi yao, na wanataka nije kula kuku, nimwone mtoto."

Alikuwa akicheka. Hakuna aliyecheka naye. Mama alikuwa ameshika mwiko, akaurudisha kwenye sufuria polepole.

Senge alimtazama kaka yake kuanzia kichwani. "Wewe si bado unakula hapa?"

"Ninakula."

"Na jina lako liko wapi?"

"Liko Shianda," akasema baba, akajiongezea mboga.

"Jina la mtu halitembeangi bila mwenyewe, Mukoya. Hao watu wamekufanyia nini?"

"Wamenifanyia heshima, dada. Kwao ndivyo wanafanyanga."

"Kwao," senge akasema. Alinawa mikono kabla hajamaliza chakula. Mama aliondoka akaenda jikoni, na nilisikia akipanga sahani ambazo zilikuwa tayari zimepangwa.

Mimi nilibaki nikimwangalia baba akitafuna. Nilikuwa na umri wa kujua kusoma lakini si umri wa kuuliza mambo kama hayo. Kwa jinsi nilivyoelewa, ilikuwa imekwisha. Jina limehama. Baba alikuwa amebaki kama mtu anayeketi mahali kiti kimeondolewa, hajaanguka tu kwa sababu hajatazama chini. Niliogopa mpaka nikaisukuma sahani yangu, na mama akanipa maji ya moto yenye tangawizi.

Jumamosi nilimfuata kila mahali. Alikohoa nikahesabu hilo kuwa dalili. Alikata kucha, nikaona anajiandaa. Alimrudishia jirani jembe lililokuwa kwetu tangu msimu wa kupanda, na jirani mwenyewe akashangaa, basi hapo nikaona mambo yameiva. Aliketi mlangoni akisafisha viatu vyake vya njumu kwa kijiti, anapiga mluzi. Nikamwuliza kama angeweza kutokwenda.

"Mama, refa asipofika mechi inachezwaje?"

"Watafute mwingine."

"Mwingine hajui ilisimamia wapi." Akanionyesha kwa kijiti, kwenye udongo, mahali mpira ulipokuwa siku ile, na kipa, na yule kijana. Aliona nataka kulia akadhani nimechoshwa na mpira. Akaniambia nikacheze.

Ndipo nikapata shauri langu, na nililipata mwenyewe, au nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Kama jina limekwenda Shianda, basi mtu aende Shianda alirudishe. Mtoto alikuwa mchanga, hajalizoea bado. Wangempa jingine.

Jumapili asubuhi nilimwambia mama jikoni kwamba nakwenda na baba. Nilitarajia kofi. Mama hakuruhusu mtu kukosa kanisa labda awe na malaria, na hata malaria aliipima kwa mkono kwanza. Badala yake akanipaka mafuta usoni, akanivalisha ile nguo yangu nyeupe ya Krismasi, akafunga kamba nyuma kwa nguvu.

"Kaa karibu naye," akasema. "Na ukiwa na neno, liseme. Usione haya."

Njia nzima baba alizungumza juu ya miwa iliyokuwa pande zote mbili, ipi imechelewa kukatwa, ipi ya nani, na mimi nilikuwa nikikariri hotuba yangu kimya. Tulipofika, Mama Awino alitupokea mlangoni nyuma ya duka, mwanamke mrefu, mpole, na kitu kilichofungwa kwenye leso begani. Nilikataa kukitazama. Mezani kulikuwa na obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, wamepika kama tunavyopika sisi ili kumfurahisha mgeni, na firigisi imewekwa upande wa baba. Baba Awino aliomba dua ndefu ya shukrani, akamtaja Mukoya mkubwa na Mukoya mdogo katika sentensi moja. Hapo sikuweza kungoja tena.

"Mama Awino," nikasema, "nimekuja kuchukua jina la baba."

Baba aliinua uso. "Jina gani?"

"Lako. Wamelichukua na wewe bado unalitumia."

Baba Awino aliweka mfupa chini. Baba alinitazama kama hanijui, akasema, "Khasandi." Hakuwahi kuniita hivyo. Nilihisi jina langu mwenyewe limenigeukia, machozi yakaanza kushuka, lakini niliendelea kwa sababu mama alisema nisione haya. Nikawaambia kwamba mimi nina jina la kukhu na kukhu hayupo. Kwamba kila mtu wa kwetu mwenye jina la mtu, mtu huyo hayupo. Kwamba baba ana kazi, na ana sisi, na tunaomba wampe mtoto jina jingine, majina ni mengi.

"Samahani, Mama Awino," baba akasema. "Sijui hii maneno ametoa wapi."

"Mwache," akasema Mama Awino. "Anamtetea baba yake." Akaja akachutama mbele yangu, macho yetu yakalingana. "Kwenu mnangoja mtu aende, ndipo mnampa mtoto jina?"

"Ndiyo."

"Sisi kwetu mtu akitutendea wema tunampa mtoto jina lake, mwenyewe akiwa anasikia. Akishaenda, nitamwambia nani asante?" Alifungua leso akaniwekea mtoto mapajani, juu ya nguo yangu nyeupe. "Mshike wewe leo, mpaka mechi iishe. Ukiona amemchukulia baba yako kitu chochote, niambie. Nitambadilisha jina leo hii, mbele yako, na Baba Awino amesikia."

Baba Awino alikohoa, lakini akakubali kwa kichwa. Baba alikula firigisi yake polepole sana, kwa mtu kama yeye.

Sijawahi kutazama mechi kama nilivyotazama ile. Nilikaa kwenye benchi la shule, barazani kando ya uwanja, mtoto mikononi, Mama Awino karibu yangu na sufuria yake ya mahindi. Mtoto alikuwa mzito, anapumua kwa mdomo, kichwa kimelowa jasho. Nilimtazama yeye, nikamtazama baba, nikarudi kwake, nione nani anapungua. Walianza pale pale mechi iliposimama, mpira kwa yule mshambuliaji, na kijana alikuwa ameungoja wiki zote hizo mpaka akapiga juu ya mti. Vijana wa madukani walishangilia kwa kelele zisizo na huruma. Halafu mvua ikaja.

Katika mvua baba alikimbia kama wengine, shati jeusi limeganda mgongoni. Mpira mrefu ulipigwa, yule yule mshambuliaji akaufuata akiangalia juu, na baba naye alikuwa akirudi nyuma akiangalia juu. Waligongana vichwa. Kijana alianguka akaamka. Baba alianguka akabaki.

Nilisikia mvua peke yake kwenye mabati ya darasa. Mtu mmoja upande wa pili aliita, "Mukoya!" Halafu wengi. Wakata miwa, watu wa madukani, kina mama waliomcheka akifua, wote waliita jina hilo moja, na mimi nikainamisha uso nimtazame mtoto, kwa sababu niliamini kwamba akiitika yeye basi baba yangu amekwisha.

Mtoto alikuwa amelala. Waliita tena, kwa nguvu, na hakutikisa hata kope. Kule kwenye matope baba aliinua mkono.

Aliketi kwanza. Akapapasa udongo akitafuta firimbi, akaipata, akaifuta kwenye kaptura, akaipuliza. Akamhesabia yule kijana faulo. Wakata miwa wanabishana mpaka leo kama ilikuwa faulo au alimlipizia kisasi, na mimi nasema alimlipizia, lakini wakati ule ningempa kijana yule chochote alichotaka kwa jinsi nilivyofurahi.

Mama Awino alinisogelea, bega kwa bega. "Haya," akasema. "Nimwite nani?"

Nikamrudishia mtoto wake. "Mukoya," nikasema. "Lakini amefungua kinywa, nzi wataingia."

Wakati wa kurudi baba alikuwa na uvimbe juu ya jicho na hakuzungumzia miwa. Tulipoiacha Shianda nyuma aliniuliza, "Mama, uliogopa?"

"Ndiyo."

"Mimi pia. Nilipokuwa pale chini nikasema, kumbe dada yangu alikuwa anajua." Akalipita trekta la miwa. "Halafu nikawasikia wananiita nikaona, basi, wanaita mimi. Sikiza Mama. Nitakufa siku yangu. Sijui ni gani. Lakini ikifika usiende kumdai mtu. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka, na sikumbuki tulivyofika nyumbani.

Siku yake ilichukua miaka mingi kufika. Aliuza sabuni mpaka kampuni ikaleta vijana wanaopokea oda kwa simu bila hata kuuliza habari za mpira. Alikaa nyumbani akawachezesha wajukuu, mkali kwao kuliko alivyokuwa kwetu, akiwatoa nje kwa kadi mpaka mama anakuja kuwaombea. Goti lilimsumbua, kisha moyo. Mwaka jana alilazwa, na asubuhi moja nesi akatuita. Sikumdai mtu. Nilijaribu kumtii, ingawa kulikuwa na wiki nzima ambayo ningempiga kofi yeyote aliyeniambia ni mapenzi ya Mungu.

Kwenye mazishi zilikuja timu ambazo sikujua kama bado zipo. Watu wazima wenye vitambi walivaa jezi juu ya mashati. Walisimulia mechi, walibishana juu ya ile faulo kaburi likiwa wazi, na mchungaji akaangalia saa. Nilicheka siku ile, na sioni aibu kusema hivyo.

Wageni walipoondoka nilibaki na mama jikoni, tunapangusa vyombo vya watu ili virudishwe. Nikamkumbusha ile Jumapili nilivyokwenda kulidai jina nikiwa na nguo ya Krismasi. Nilisema kwa kujisifu kidogo, mtoto mdogo kama mimi kupata wazo kama lile.

Mama alipangusa sahani akaiweka. "Wewe unadhani ulijipeleka?"

"Nani mwingine?" nikasema.

"Mimi kama mke wake ningeenda kusema nini? Wangesema namwonea mtoto wa wenyewe. Senge yako naye angeleta ugomvi. Lakini wewe ulikuwa na jina la mama yake. Mama mtu akikataa, nani atambishia? Nikaona umeanza kumfuata Jumamosi yote, nikajua unalo neno. Nikanyamaza. Asubuhi nikakuvalisha." Alichukua sahani nyingine. "Sikwenda kanisani siku hiyo. Nilikaa hapa. Nilisikia kila gari lililopita barabarani. Hata la yule mwalimu jirani, akirudi kwake, nililisikia."

Sikuwahi kujua kwamba na yeye aliogopa. Nilikuwa nimebeba hofu ile kama yangu peke yangu, kumbe nyumba nzima ilikuwa imeibeba, ila yeye mwenyewe mwenye jina, hadi alipoanguka.

"Mlipofika ulikuwa umelala," mama akasema. "Alikuingiza ndani mabegani, jicho limevimba, matope mpaka kwenye masikio. Nikamwuliza hapo mlangoni, 'Mama yako amekuja nalo?' Akasema, 'Hapana. Jina limebaki huko. Mimi ndio nimekuja.'"

Alikunja kitambaa chake.

"Basi nikaenda kumwekea maji ya kuoga."